Daftari la mkiani: Leicester City na Everton, Mei Mosi 2023

Jumapili, 30 Aprili 2023, usiku

Matokeo ya siku mbili hizi yamenilazimu kuuandika upya ukurasa niliokuwa nimeumaliza tangu Ijumaa. Jana Nottingham Forest walifungwa 2-1 na Brentford, leo Leeds United wamepigwa 4-1 na Bournemouth, na timu zote mbili zimebaki na pointi 30 baada ya mechi 34. Leicester City wana pointi 29 na Everton wana 28, kila mmoja akiwa amecheza mechi 33, na kesho, sikukuu ya Mei Mosi, watakutana kwenye Uwanja wa King Power, nyumbani kwa Leicester, saa nne usiku kwa saa zetu. Atakayeshinda atatoka katika nafasi tatu za kushuka daraja. Sare nayo itawapandisha Leicester, kwa kuwa pointi zikilingana huangaliwa tofauti ya mabao, yaani ya kufunga ukitoa ya kufungwa, na yao ni hasi 13 wakati ya Leeds ni hasi 24, lakini Everton itawaacha palepale katika nafasi ya 19. Hesabu hiyo nimeiandika juu kabisa ya ukurasa kwa kalamu nyekundu, maana ndiyo itakayoamua nani atalazimika kufunguka endapo dakika ya 70 itafika timu zikiwa sawa.

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: tangu Agosti ninaandika tathmini ya mechi zinazokutanisha timu mbili za mkiani mwa Ligi Kuu ya England, kisha ninairudia tathmini hiyo baada ya filimbi ya mwisho ili nione nilikosea wapi. Wengi msimu huu wana macho kwa Arsenal na Manchester City tu, na ninawaelewa. Mimi moyo wangu uko huku chini. Everton ninawafuatilia tangu Julai 2017, walipokuja Dar es Salaam wakawafunga Gor Mahia 2-1 kwenye Uwanja wa Taifa, nami nikiwa jukwaani wakati Wayne Rooney alipoachia lile shuti la mbali. Klabu ile haijawahi kushuka tangu iliporejea daraja la juu mwaka 1954. Leicester nao walikuwa mabingwa wa England mwaka 2016, na miaka miwili tu iliyopita walitwaa Kombe la FA. Sioni namna ya kuiita mechi yao ya kesho kuwa mechi ndogo.

Mwanzoni mwa msimu nilikuwa nikilinganisha nafasi za timu kwenye msimamo na matokeo ya mechi tano zilizopita. Niliuacha utaratibu huo Januari, kwa sababu timu za mkiani zote zina matokeo mabaya na kuyaweka mabaya kando ya mabaya hakunifundishi kitu. Siku hizi ninaanza na swali moja: timu hii hupotezaje mechi zake?

Leicester hupoteza kwa kuruhusu mabao. Wamefunga 44, ambayo si machache, ila wamefungwa 57, na tangu walipowashinda West Ham 2-0 tarehe 12 Novemba wamecheza mechi 18 za ligi bila kumaliza hata moja pasipo nyavu zao kutikiswa. Chanzo ninakiona katika usajili wa Agosti iliyopita, ambapo kipa Kasper Schmeichel aliondoka kwenda Nice na beki Wesley Fofana akauzwa Chelsea. Danny Ward alipewa lango, na sasa limekabidhiwa Daniel Iversen. Hata hivyo, kocha Dean Smith, aliyepokea timu mwezi huu baada ya Brendan Rodgers kuondoka, amevuna pointi nne katika mechi mbili zilizopita: ushindi wa 2-1 dhidi ya Wolves na sare ya 1-1 na Leeds, ambayo bao la kusawazisha lilifungwa na Jamie Vardy, mwenye umri wa miaka 36.

Everton ni kinyume chake kabisa. Mabao 25 katika mechi 33! Kocha wao Sean Dyche, aliyeajiriwa mwishoni mwa Januari, amekusanya pointi 13 katika mechi 13, na ushindi wake wote, ambao ni mitatu, umekuwa wa 1-0 katika uwanja wa nyumbani wa Goodison Park. Nimekaa muda mrefu nikiyatazama majina ya waliofunga mabao hayo matatu: beki wa kati James Tarkowski dhidi ya Arsenal, beki wa kulia Seamus Coleman dhidi ya Leeds, na winga Dwight McNeil dhidi ya Brentford. Hakuna mshambuliaji wa kati. Richarlison aliuzwa Tottenham kabla ya msimu, Anthony Gordon akauzwa Newcastle Januari, na dirisha lile likafungwa bila Everton kusajili mchezaji yeyote. Tumaini lao ni Dominic Calvert-Lewin, ambaye amerejea kutoka kwenye majeraha wiki iliyopita tu. Ugenini wameshinda mara moja msimu mzima, kwa Southampton, tarehe 1 Oktoba.

Kwa hiyo mlango unaovuja utakutana na mkono usiojua kusukuma mlango. Mechi ya kwanza, Novemba, Leicester walishinda 2-0 kule Goodison. Ninaamini kwamba Everton watapata bao moja, kwa kona au mpira wa adhabu, na kwamba kiungo wa Leicester James Maddison na Vardy watatosha kulifuta. Utabiri wangu ni Leicester 2, Everton 1.

Jumanne, 2 Mei 2023

Imemalizika 2-2. Calvert-Lewin alifunga kwa penalti dakika ya 15, Çağlar Söyüncü akasawazisha dakika ya 22, Vardy akawapa Leicester uongozi dakika ya 33, na timu zilipokwenda mapumziko matokeo yalikuwa yale yale niliyoyaandika. Alex Iwobi alisawazisha dakika ya 54. Leicester wamepanda hadi juu ya mstari kwa tofauti ya mabao, na Everton wamebaki wa 19 wakiwa na pointi 29. Iliniuma kumwona Coleman akitolewa kwa machela kabla ya mapumziko.

Kosa langu nimelipata leo asubuhi nilipoyapanga upya matokeo ya Dyche kwa kutenganisha nyumbani na ugenini, kazi ambayo nilipaswa kuifanya Jumapili. Kabla ya jana, timu yake ilikuwa imefunga mabao mawili katika mechi mbili tu, zote za 2-2 na zote za ugenini, kwa Nottingham Forest na kwa Chelsea. Nyumbani hawajawahi kuvuka bao moja chini yake. Nilihesabu ushindi wa ugenini, nikaona hakuna, nikadhani na mabao hayapo.

Kosa la pili ni la safu ambayo daftari langu halikuwa nayo. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Leicester walipata penalti wakiwa mbele 2-1, na Maddison akapiga katikati ya lango. Kipa wa Everton, Jordan Pickford, hakuruka upande wowote. Alibaki amesimama na kuuzuia mpira. Kamera zilipoisogelea chupa yake ya maji zilionyesha karatasi iliyobandikwa, yenye majina ya wapigaji wa Leicester na maelekezo mbele ya kila jina. Mtu fulani katika benchi la Everton alikaa akazitazama penalti za Maddison moja baada ya nyingine, akaandika, na kazi hiyo ya mezani ikaokoa pointi.

Nimeshachora safu mpya kwa kila timu: nani hupiga penalti, na hupiga upande gani. Kurasa mbili zinazofuata ni za tarehe 8 Mei, Fulham na Leicester, kisha Brighton na Everton. Ya pili nimeianza kwa kuandika mabao ya Everton ya ugenini pekee.