Kichwa cha mvuke cha OO: waya wa tenda na taa ya mbele

Haya wadau, kile kichwa cha treni ndogo ya mfano nilichokipata Ilala kwenye vitu vya used vya kontena toka Uingereza nimeshakifungua. Ni cha mvuke kwa sura tu, ndani mna mota ya DC ya volti 12, skeli ya OO yaani 1 kwa 76 ya treni halisi, na nyuma kinavuta tenda yake, kile kibehewa cha makaa na maji. Muuzaji alikuwa anakiona toi bovu tu, hakina reli wala kontrola, nikambembeleza kidogo akaniachia. Hali yake ilikuwa kimeo kweli: ukikipa umeme kinashtuka, kinasimama, ukikigusa na kidole kinaenda tena, na taa ya mbele inapepesa kisha inazima kabisa.

Jamaa yangu kuona tu akasema badilisha balbu. Nikamwambia balbu baadaye, kwanza tujue umeme unafika au haufiki, kwa sababu kwenye hizi treni ndogo taa ikipepesa huku na mota nayo inakatakata basi usiilaumu taa. Umeme unapita kwenye reli zenyewe, reli moja chanya nyingine hasi. Kwenye hiki changu magurudumu ya kichwa yanachukua umeme wa reli ya kulia, ya tenda yanachukua wa kushoto, halafu ule wa tenda unavuka kwenda kwenye mota kupitia kile kichuma kinachounganisha tenda na kichwa. Yaani pini moja ndogo ndo imebeba kila kitu. Na kwa hewa yetu hii ya Dar, chumvi ya bahari na unyevu, shaba na pini zinaota uchafu wa kijani hata kama kitu kipo kabatini.

Nikaweka mita kwenye omu, yaani kupima ukinzani wa njia ya umeme, ncha moja kwenye gurudumu la tenda, nyingine kwenye mota. Ilitakiwa isome karibu na sifuri, badala yake inaruka 30, mara 80, mara imekata kabisa, ukitikisa tenda inarudi. Nikapima kipande kwa kipande: gurudumu mpaka chasisi ya tenda, baada ya kusafisha kwa spiriti na pamba, safi. Chasisi ya tenda mpaka upande wa pili wa pini, hapo ndo namba zinacheza. Mwizi kapatikana.

Ungeweza kupiga msasa ile pini ukaendelea na maisha, ila miezi miwili utarudi palepale, kwa hiyo nikaamua umeme usipite tena kwenye pini, upite kwenye waya. Nikaenda mtaa wa Agrey, Kariakoo, kwa mafundi simu kutafuta waya mwembamba, dogo mmoja akanipa ile jampa wanayorukishia njia kwenye bodi. "Kaka hii inabeba hata simu nzima," anajisifia. Ni nzuri, ila ni uzi mmoja mgumu, na hapa kati ya kichwa na tenda panakunjwa kila kona, ungekatika tu. Jampa nikaiweka kwa ajili ya taa, na pale kwenye kona nikatumia waya wa earphone iliyokufa. Ule una nyuzi nyingi nyembamba kama nywele na unakunjika vizuri mno, kazi ni moja tu, nyuzi zake zina rangi inayozuia umeme, kwa hiyo unashika ncha ndani ya tone la risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka mpaka rangi iungue na zigeuke nyeupe, usipofanya hivyo utachomelea mpaka kesho na mita haitalia. Nikauzungusha mzunguko mmoja mlegevu katikati ili tenda ikikata kona usivute.

Kontakti za magurudumu nazo zilikuwa zimechoka, hazigusi. Stabilaiza ya zamani ilikuwa imelala stoo, nikavunja rilei yake (swichi inayovutwa na umeme), mle ndani mna vikanda vya shaba yenye springi, vikali na havichoki haraka. Nikakata viwili, nikavikunja viguse mgongo wa gurudumu kwa wepesi tu, maana ukikaza sana gurudumu linaburuzika badala ya kuzunguka.

Sasa taa. Ile balbu ya zamani nimeitoa, inakula umeme na joto lake linalainisha plastiki ya mbele. Kariakoo kuna zile taa za mapambo za waya wa shaba, taa zake ni vidoti vidogo sana vya LED na mwanga wake ni wa njano, unapendeza kwenye treni ya zamani kuliko ule mweupe wa hospitali. Kidoti kimoja kinataka kama volti 3, reli ina 12, kwa hiyo zile 9 zilizobaki zinamezwa na rezista. Ya kilo omu 1 inatoa miliampia 9, ukali wa bure, nikaweka ya 2.2 ikashuka mpaka kama 4, ikatulia. Pia nimeweka dayodi ya 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mfululizo na taa, kwa sababu kichwa kikirudi nyuma umeme unageuka na LED haipendi volti nyingi za kinyume. Faida yake nyingine taa inawaka kikienda mbele tu.

Kuhusu sura nimekataa mpangilio wa Kiingereza. Wao treni ya abiria ya haraka ilibeba taa mbili ndogo za mafuta juu ya bafa (vile vizuia mgongano vya mbele), ndogo mno, mtu hazioni. Vichwa vya East African Railways vilikuwa na taa moja kubwa ya umeme mbele, angalia picha za kichwa namba 5918 kiitwacho Mount Gelai kilichoko makumbusho ya reli Nairobi (mlima wenyewe uko kwetu huku Arusha, sijui wangapi wanajua). Kwa hiyo kidoti nimekiweka ndani ya kipande cha mrija wa peni nilichokifunika karatasi ya fedha ya sigara, nikakipandisha juu mbele ya bomba la moshi.

Umeme natumia adapta ya king'amuzi, volti 12, na kidhibiti cha PWM, na fyuzi ya ampia 1 kwa ajili ya shoti. PWM inatuma volti 12 kamili kwa vipande vipande, kwa hiyo taa inawaka hata kichwa kikiwa kimesimama tayari kuondoka. Ukitumia kipunguza volti cha kawaida taa inasubiri mpaka treni ianze kutembea.

Kwa sasa kinazunguka duara lote, kona mbili na jointi zote, bila kukata. Taa bado inapepesa kidogo kwenye jointi moja karibu na mlango, hapo naona tatizo ni reli yenyewe imepanda juu. Kinachofuata ni taa nyekundu ya behewa la mwisho, kisha rangi ya maruni.