Siku tulipoficha namba

Mpwa wangu alikuwa darasa la nne, na kuzidisha hakukumsumbua hata kidogo. Ukimwandikia 48 mara 7, anakujibu hujaiweka kalamu chini. Ila zikija hesabu za mafumbo, anakwama. Dada yangu akaniomba nikae naye Jumamosi moja, kwa sababu kwenye daftari mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto hasomi swali kwa makini. Maneno hayo yalinishangaza. Mtoto yule alikuwa msomaji hasa, vitabu vya hadithi anavimaliza huku anatembea.

Mwanzoni sikumfundisha chochote. Nilimwambia afanye swali moja, nikakaa pembeni nikitazama mkono wake. Swali lilikuwa hili: Asha ana vitabu 24. Ana vitabu 6 zaidi ya Juma. Juma ana vitabu vingapi? Penseli ilikwenda moja kwa moja kwenye 24, ikaizungushia duara. Ikaruka hadi 6, duara jingine. Ikapiga mstari chini ya neno zaidi. Akaandika 24 + 6 = 30, akahamia swali linalofuata. Juma hakuangaliwa kabisa.

“Kwa nini umejumlisha?”

“Si kuna zaidi, mjomba. Zaidi ni kujumlisha. Bakia ni kutoa. Kila mmoja ni kugawanya.”

Aliyatiririsha kama shairi la kukariri. Kuna mtu alimfundisha hivyo kwa nia njema, na kwenye maswali mepesi njia hiyo inajibu, ndiyo maana watoto wanaing'ang'ania. Swali likigeuzwa kidogo tu, neno lilelile linampoteza. Ningeweza kumwambia hapa toa. Angetoa, angepata 18, na Jumatatu angekosa tena.

Nikamwandikia swali jingine: Meli imebeba kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani? Duara, duara, kisha akajibu, “Miaka 36.”

Swali hilo la nahodha lina asili ya zamani. Mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert alimtania dada yake kwa swali la namna hiyo katika barua ya miaka ya 1840. Zaidi ya karne moja baadaye, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi hili la kondoo na mbuzi, na kati ya watoto 97, 76 walitoa jibu kwa kuzichezesha namba walizopewa. Hawakuwa wajinga, na mpwa wangu pia hakuwa mjinga. Walikuwa wamezoea kwamba kila swali la darasani lina jibu, na jibu hutoka kwenye namba zilizopo.

“Hebu nisimulie,” nikamwambia. “Kwenye hiyo meli kuna nini na nini?”

Akaanza: kondoo, mbuzi, nahodha. Akanyamaza kidogo.

“Mjomba, mbona umri wa nahodha hawajausema?”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo haujulikani.” Akanitazama kwa wasiwasi. “Inaruhusiwa kuandika hivyo?”

Nikamwambia inaruhusiwa. Swali lake hilo liliniuma kuliko ile 36.

Tukarudi kwa Asha. Safari hii nilizifunika namba kwa kipande cha karatasi, nikamtaka anisimulie kisa bila kutaja namba hata moja. Akasema Asha ana vitabu, Juma naye anavyo, na vya Asha ni vingi. Nikafunua namba, nikamwonyesha ile 30 aliyompa Juma. Akaishangaa. Akafuta mwenyewe. Nikamchorea mstari mrefu wa Asha, na chini yake akachora wa Juma, mfupi. Kile kipande cha Asha kilichochomoza akakiandikia 6. Michoro ya namna hii ndiyo shule za Singapore zimekuwa zikiitumia tangu miaka ya 1980, na nilipomwona anavyoitazama nilielewa kwa nini. Akasema 18. Kutoa hatukukutaja. Nikamwomba airudishe 18 kwenye kisa aone kama inakaa, akahesabu kwa vidole: 18, ongeza 6, 24.

Ukurasa mmoja ulituchukua mchana kutwa. Dada alichungulia mara kwa mara akitaka kujua tumefika wapi, na mimi sikutaka kabisa tukimbizane. Mtoto anayesimulia swali kwa maneno yake anahitaji muda wa kukosea katikati ya sentensi na kujirekebisha.

Mwishoni nikampa lile la mabasi, ambalo mwaka 1983 liliwatega watoto wengi wa miaka 13 huko Marekani: askari 1,128, kila basi linabeba 36, yanahitajika mabasi mangapi? Akagawanya vizuri, akaandika 31 baki 12. Kisha, kabla sijasema neno, akarudi juu kulisoma swali upya.

“Hawa 12 nao wanasafiri,” akasema, akafuta, akaandika 32.

Halafu akataka kunitungia fumbo na mimi, la kalamu zilizofungwa kwenye makasha. Alipokuwa ananisomea akagundua hajasema kila kasha lina kalamu ngapi. Akaninyang'anya karatasi, akaongeza sentensi, akaanza kunisomea upya.