Malkia Naye Ana Mtoto

Pale Kibirizi, Kigoma, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi. Dagaa hufuata mwanga, na wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta kwa karabai. Mwezi ukishajaa, ziwa zima huwaka na karabai haifui dafu. Siku hizo mitumbwi hulala mchangani, nyavu hushonwa, na watu ambao kwa kawaida usiku wangekuwa majini hukaa nyumbani wakitafuta cha kufanya. Ndiyo maana sebule yetu ilijaa namna ile tulipotazama The 10th Kingdom, tamthilia ya televisheni ya Kizungu.

Kanda zilitoka kwa mjomba. Alikuwa dereva wa shirika moja la misaada lililohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu. Mzungu mmoja pale alimaliza mkataba akagawa vitu vyake. Mwenzake mjomba akapata baiskeli, mjomba akapata boksi la kanda. Deki tuliazima kwa jirani. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, kwa hiyo nikawekwa kwenye kigoda kando ya televisheni nitafsiri. Nyuma yangu, kwenye mkeka na viti vya plastiki, kulikuwa na baba na wavuvi wenzake aliokuwa akiwatengenezea mashine za boti, watoto wa majirani, bibi, na mama mdogo akichambua mchele kwenye ungo.

Huyo mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijaanza shule, na baba akamwoa yeye. Sina deni la kumdai. Sare zangu alizishona mwenyewe, na mgebuka ukipikwa kwa mawese, kipande cha tumboni kiliwekwa kwenye sahani yangu bila kuulizwa. Lakini alikuwa mtu wa maneno machache. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye, kwa kuwa hakuwa amezaa na baba, aliitwa mke wa fundi.

Bibi, mzaa baba, alikuwa bingwa wa hadithi. Alikuwa akianza, "Hadithi, hadithi!" nasi tunajibu, "Hadithi njoo!" na katika hadithi zake nyingi alikuwamo mama wa kambo. Mama wa kambo alimtuma yatima mtoni na kibuyu kilichotoboka. Alimpikia ukoko, akawapa wanawe nyama. Mwisho wake aliliwa na fisi au alizama. Sisi watoto tulifurahi sana alivyozama. Bibi hakuwa na nia mbaya, hadithi alizirithi zikiwa hivyo. Ila kila mama wa kambo alipoingia hadithini, mama mdogo aliinuka akaenda jikoni uani. Nilidhani hapendi hadithi.

Sasa hii ya kwenye kanda ilikuwa ndefu, karibu saa saba ukiunganisha sehemu zote. Marekani ilianza kuonyeshwa tarehe 27 Februari 2000 kwenye televisheni ya NBC, na mwandishi wake ni Mwingereza, Simon Moore. Wazo lake lilinikamata tangu mwanzo na halijaniachia. Hadithi zile za kale, za Snow White, Cinderella na Red Riding Hood, anazichukulia kuwa historia ya kweli ya nchi yenye falme tisa. Mabinti wale waliolewa, wakatawala, wakazeeka, na raha ya siku zao ikapita. Tunaowaona ni wajukuu na magofu. Ufalme wa kumi ni huku kwetu duniani, New York, ambako binti mhudumu wa mgahawa, Virginia, anaishi na baba yake Tony, mtunza jengo. Katika mianzo ya filamu nilizowahi kuona huu ndio mzuri kuliko yote: majengo ya New York yanageuka kuwa nchi ya misitu na ngome mbele ya macho yako. Ulipata tuzo ya Emmy, na ilistahili. Watoto walinilazimisha kuurudisha.

Wavuvi walimpenda Tony, ambaye anameza haragwe la uchawi na kupewa matakwa sita, na karibu yote yanamgeukia. Walibishana wao wangeomba nini, mpaka baba akawanyamazisha. Watoto walipenda majitu matatu ya ukoo mmoja yanayopenda viatu na kuusujudia muziki wa kundi la Bee Gees. Mbwa naye aliwachanganya watu. Yule mbwa wa dhahabu ni mwanamfalme Wendell, mjukuu wa Snow White, amebadilishwa mwili na malkia mwovu. Na malkia huyo ni mama yake wa kambo, aliyekuwa kifungoni kwa kuwaua wazazi wa Wendell. Nilipofika hapo nilitafsiri huku nimeshika macho kwenye kioo. Nilisubiri kusikia mkeka ukichakarika, mama mdogo akiinuka.

Hakuinuka.

Malkia aliigizwa na Dianne Wiest. Hapayuki wala hakodoi macho kama wachawi wa filamu nyingine. Anaongea taratibu, mwenye huzuni kuliko hasira, na hilo ndilo lililotisha. Mama mdogo aliacha mchele.

"Huyo malkia kwao wapi?" aliuliza.

Bibi ndiye aliyejibu. "Mchawi hana kwao."

"Kila mtu ana kwao, mama."

Hakuna aliyezoea kumsikia akimjibu bibi. Hakusema kwa ukali, na bibi aliliacha lipite. Tukaendelea. Usiku ukaenda, watoto wakaanza kulala mmoja mmoja, sehemu zilizobaki tukaahirisha.

Kesho yake mwezi ulikuwa bado umejaa na watu wakarudi. Mama mdogo alikuja bila ungo. Kuna mahali Virginia, amepotea, anakutana na Snow White mwenyewe. Si yule msichana wa kwenye vitabu. Ni mama mnene, mpole, aliyekwisha kufa lakini bado anaongea, anamwambia yaliyompata mikononi mwa mama yake wa kambo na jinsi alivyotoka. Kwangu hiyo ndiyo roho ya kazi yote ile, na nilijitahidi kuitafsiri polepole. Baada ya hapo ndipo siri ikafunuka. Malkia mwovu ni mama mzazi wa Virginia. Ndiye yule aliyemwacha New York akiwa mdogo, akapita kwenye kioo cha uchawi, akaja kuwa mama wa kambo wa mtoto mwingine.

Sebule ililipuka. Bibi akanigonga begani.

"Tafsiri vizuri, mke mwenzangu."

"Nimetafsiri vizuri, bibi. Ndiye mama yake."

"Wa kuzaa?"

"Wa kuzaa."

Mvuvi mmoja akasema kwamba hilo haliwezekani, mama wa kambo ni mama wa kambo. Mwingine akamwuliza kwani mama wa kambo anaota kwenye mti? Wakacheka. Nikasimamisha kanda, picha ikaganda kwenye uso wa malkia, na katika kicheko kile mama mdogo akasema, hata si kwa sauti kubwa:

"Mimi nina mtoto Uvinza."

Baba aliinamisha kichwa. Alikuwa anajua. Sisi wengine hatukujua, bibi akiwemo. Mama mdogo akasema basi, kwa kuwa limekwisha kutoka: alipoachika kwa mume wa kwanza, ndugu wa mume walimzuia mtoto, wakamwambia mtoto ni wa ukoo. Alipoolewa na baba alinyamaza, akiogopa kuonekana amekuja na mzigo. Wavuvi walianza kuaga wakikumbuka kazi za asubuhi ambazo mbalamwezi ile hazikuwepo.

"Wa kike au wa kiume?" bibi aliuliza.

"Wa kiume. Yuko darasa la nne."

"Umemwona lini?"

Mama mdogo hakujibu. Alianza kulia, na mimi, ambaye miaka yote nilikula kipande cha tumbo la samaki bila kujiuliza kingine kilikuwa cha nani, nilitoka kwenye kigoda nikaenda kukaa naye mkekani. Bibi alitungoja. Kisha akaniambia niwashe kanda tumalize.

Mwisho wake Virginia anamkwaruza mama yake kwa chanuo chenye sumu akijiokoa, na malkia anafa. Mpaka leo nauchukia mwisho huo. Mwandishi aliyeweza kuona kuwa mchawi naye ni mzazi alikuwa na uwezo wa kumtafutia njia ya kurudi, hata kama ni nyembamba. Mama mdogo aliutazama wote hadi majina yakaisha kupita, akasema yule binti atamlilia mama yake maisha yake yote.

Bibi hakungoja shauri la baba. Treni iliyofuata ya Kigoma kwenda bara aliipanda yeye na mama mdogo, na kapu la dagaa wakavu na dumu la mawese, wakashuka Uvinza. Yaliyosemwa huko sikuyasikia. Najua tu kwamba bibi alikwenda kama mkwe, akakaa chini na wazee wa upande wa pili, na aliporudi sauti ilikuwa imemkauka.

Likizo ya Juni kijana akaja. Alishuka stesheni na kiroba cha chumvi ya Uvinza kichwani, mrembo, macho ya mama yake. Mtaani walimwangalia, wakamwangalia na mama mdogo, na wiki haikuisha kabla hawajaanza kumwita mama kwa jina la mwanawe. Usiku bibi akamwekea mkeka, akamwanzia hadithi ya mama wa kambo na kibuyu kilichotoboka. Alipofika kwenye kibuyu, kijana akamkatiza kwa adabu zote, akamwuliza:

"Bibi, huyo mama watoto wake wengine walikuwa wapi?"

Bibi alifikiri, akaanza hadithi upya.