Vichwa vya udongo: shilingi 1,520 za mwanzo

Huu ni mwaka wa kumi na moja nikinyoa watu hapa Manyatta, Kisumu. Siku nzuri hupita mikononi mwangu vichwa ishirini, Jumamosi hata thelathini. Mtu akikaa kwenye kiti, kabla sijawasha mashine, vidole vyangu huwa vimeshajua: kisogo kimebonyea, nyuma ya sikio kuna nundu ya mfupa, utosi umeegemea upande mmoja. Hakuna kichwa kilicho sawa kulia na kushoto. Nililijua jambo hilo kwa miaka mingi bila kuwa na pa kulipeleka, mpaka Agosti mwaka jana nilipoanza kufinyanga.

Dirishani pa kinyozi nimeweka kichwa kimoja kidogo cha udongo uliochomwa, chekundu, ukubwa wa chungwa kubwa. Kila anayekiona huniuliza nilinunua wapi vifaa na vilinigharimu kiasi gani. Vijana hasa ndio wanaouliza, na wengi wamekwisha kujikatia tamaa wakiamini kwamba kazi hii inataka studio ya Nairobi, tanuri la umeme na udongo wa kuagiza. Nimeona niandike hesabu yangu yote.

Nilianzia mahali pabaya. Ukipita Nyamasaria kuelekea Kano, ardhi ni ile nyeusi inayong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Nilijaza ndoo bure, nikarudi nyumbani nimefurahi. Unapoufinyanga ni mlaini na unakubali kila kitu. Nilitengeneza uso, nikauacha barazani, na siku ya pili pua ilikuwa imejitenga na mashavu. Siku ya tatu nilikuwa na vipande. Udongo ule ukiloa huvimba sana, ukikauka hunywea sana, ndiyo maana kiangazi mashamba ya Kano hupasuka nyufa zinazomeza mkono. Mahindi na mpunga huupenda. Sanamu haiuwezi.

Aliyenielekeza njia ni mteja wangu, mwalimu wa historia. Nilikuwa namnyoa ndevu nikimsimulia habari ya ule uso, naye akanieleza kuhusu Urewe, kule Siaya, mahali palipotoa jina la vyungu vya kale vinavyopatikana eneo lote hili la Ziwa. Watafiti waliviandika mwaka 1948 wakaviita vyungu vyenye kibonyeo kitakoni, kwa sababu vingi vina shimo dogo chini, kama mfinyanzi amebonyeza kidole. Vingine vina umri unaopita miaka elfu mbili. Mwalimu akaniambia, udongo wa kufinyanga haujawahi kukosekana huku, nenda kwa akina mama wanaoutumia. Nilibaki na ile habari ya kidole. Usiku ule nilimega kidonge cha udongo nikakibonyeza kwa kidole gumba, nikakitazama muda mrefu.

Basi nikapanda matatu ya Kakamega. Ukishapita Mbale na Chavakali unafika Khayega, na mbele kidogo ni Ilesi, pale penye lile jiwe refu linalotiririsha maji kama linalia. Wengi wanaijua Ilesi kwa jiwe, lakini pia ni mahali pa ufinyanzi, na vyungu vyake huuzwa kandokando ya barabara. Nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye gunia, anajenga mdomo wa mtungi kwa kamba ya udongo. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni kinyozi na ninataka kufinyanga vichwa vya watu. Hakushangaa. Alinipa bonge la udongo mkononi akasema, "Haya mwanangu, nikunjie."

Sikuelewa. Akachukua kipande, akakiviringisha mpaka kikawa kama penseli, akakizungusha kwenye kidole chake. Hakikupasuka. "Udongo unaokataa kukunjwa, usihangaike nao," akasema. Hicho ndicho kipimo ninachotumia hadi leo, na hakigharimu senti.

La pili alilonifundisha ndilo lililookoa kazi yangu. Vyungu vinavyovunjika hawatupi. Huvitwanga vigae mpaka viwe kama sukari iliyochanganyika na unga, wakavirudisha kwenye udongo mbichi. Chembe zile zimekwisha kuungua, kwa hiyo hazinywei tena. Zinazuia udongo mzima usijivute kupita kiasi, na zinaacha vinjia vya mvuke kutokea. Kwa kitu kinene kama kichwa, ninatia kopo moja la vigae kwa makopo manne ya udongo. Vigae ninavipata bure, kila mtaa una chungu kilichovunjika. Ila ukitwanga, vinyunyizie maji kwanza na ujifunge kitambaa puani. Vumbi la udongo mkavu ni baya kwa mapafu, na halikuumizi siku hiyo hiyo, linakusubiri. Mimi sifagii pale ninapofanyia kazi; ninapangusa kwa kitambaa kilicholoa.

Mama aliniuzia udongo wa kujaza ndoo kwa shilingi 200. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 400, na nilikwenda mara mbili, mara ya pili kuchoma. Ndoo kuukuu ya rangi, ya lita ishirini, yenye mfuniko, 150 kule sokoni Kibuye. Ubao wa kufanyia kazi 50 kwa seremala. Karatasi ngumu ya nailoni 100. Spoki za baiskeli 20. Nafasi motoni 200. Jumla 1,520. Ninanyoa kwa shilingi 100, kwa hiyo kwangu hizo ni nywele za watu kumi na sita. Sikuzitoa siku moja. Zilitoka kidogo kidogo kwa miezi miwili.

Nailoni nimeitaja kwa makusudi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, huwezi tena kufunika kazi yako kwa mfuko wa dukani kama wanavyoshauri watu wa nchi nyingine. Kipande kimoja kizuri cha nailoni ngumu kitakufaa mwaka mzima: kitambaa kibichi juu ya sanamu, nailoni juu ya kitambaa, kamba chini. Kazi yako inakusubiri wiki nzima ukiwa kazini.

Udongo ukifika nyumbani, uache ukauke kabisa, ukauke kama jiwe, ndipo uvunjevunje na kuutia maji. Nilidhani ni kupoteza muda mpaka nilipojaribu njia zote mbili. Bonge lenye unyevu ukiliweka majini hukaa bonge siku tatu. Kavu huanza kuporomoka lenyewe papo hapo, unasikia linavyotoa sauti. Kisha ninauchuja kwa chandarua kilichochanika ili mawe na mizizi ibaki juu. Uji unaobaki ninaumwaga kwenye shuka lililotandikwa juu ya mchanga, maji yanazama chini. Ukishikana ninatia vigae na kuukanda, tena kwa nguvu kuliko unga wa chapati, mpaka ukiukata kwa waya huoni tundu lolote ndani.

Vifaa vya mkononi sinunui. Spoki moja nimeikunja ncha kuwa kitanzi cha kuchotea, nyingine nimeifua ikawa bapa. Nina kijiko cha mbao nilichokinoa, mswaki wa zamani, waya wa gitaa wa kukatia. Na vile vichanio vya plastiki vinavyovalishwa mashine ya kunyolea, vikishavunjika meno mawili matatu haviwafai wateja tena, lakini ukivikandamiza kwenye udongo vinaacha nywele fupi zilizonyolewa safi, mtindo wa boksi kabisa. Nilipovumbua hilo sikulala mapema.

Wapo watakaokuambia huwezi kuanza bila gurudumu la kufinyangia. Tafuta picha za kazi za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anayeheshimiwa duniani kote kwa vyungu vyake. Anavijenga kwa mkono, kamba juu ya kamba, bila gurudumu, kisha anavisugua mpaka ving'ae kabla ya kuvichoma. Ni njia ile ile ya yule mama wa Ilesi. Mimi nasugua kwa kijiwe laini nilichookota ufuoni Dunga.

Sasa kichwa chenyewe. Kwenye ubao nimepigilia kijiti, nikakizungushia gazeti nikalifunga kwa uzi mpaka likawa tufe. Udongo unajengwa juu ya gazeti, unene wa kidole gumba. Usitumie waya ndani kama mifupa ikiwa unataka kuchoma: udongo unanywea, waya haunywei, lazima upasuke. Gazeti linabonyea.

Kosa ninaloliona kwa kila anayejaribu ni kuweka macho juu mno. Pima kichwa cha mtu kwa kijiti kutoka utosini hadi kidevuni: macho yako katikati kabisa. Sisi tunasahau kwa sababu tukimtazama mtu tunatazama uso, paji na nywele tunaviona kama kofia tu. Sikio nalo hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Na kichwa kina kina! Ukikitazama ubavuni, kutoka puani hadi kisogoni ni mbali karibu sawa na kutoka utosini hadi kidevuni. Wanaoanza hufinyanga uso wa sahani. Mimi huanza na kisogo, ndicho ninachokijua zaidi, halafu shingo, halafu uso unakuja wenyewe kama mgeni aliyeona nyumba ina mlango.

Udongo ukifikia ugumu wa kipande cha sabuni ya kufulia, unaokatika bila kubonyea, ninakata utosi kwa waya, natoa kijiti na gazeti, nachota ndani kwa kile kitanzi cha spoki mpaka unene uwe mmoja kila mahali. Kisha nakwaruza kingo zote mbili, napaka uji wa udongo, narudisha utosi mahali pake na kuziba mshono. Chini naacha tundu wazi.

Hapa ndipo nilipopoteza kazi ya wiki tano. Nilipeleka Ilesi vichwa viwili, kimoja kidogo, kimoja ukubwa wa kichwa cha mtoto wa miaka miwili, nimekipakata ndani ya beseni lenye blanketi safari nzima. Kile kikubwa nilikuwa nimekipenda mno kisogo chake nikaogopa kukichota. Kilikuwa na unene wa vidole vinne. Nje kilikuwa kikavu kikilia kama chungu. Mama alivipanga vyote kando ya moto kwanza vipate joto polepole, karibu asubuhi nzima, ndipo vikaingia kati ya vyungu, kuni na nyasi juu. Haukupita muda nikasikia mlio kama wa mahindi kwenye makaa, ila mkubwa. Nilijua ni changu.

Nikasema ni hewa niliyoiacha ndani. Mama akatikisa kichwa: ni maji. Hewa peke yake ina njia yake. Maji yaliyofichwa kwenye udongo mnene yakigeuka mvuke yanadai nafasi kwa ghafla, na udongo hauna pa kuwapa. Aliniokotea vipande vya kisogo vikiwa bado vya moto, kwa kijiti, akavisukuma miguuni pangu. "Vitwange," akasema, "vitakuwa ndani ya kingine." Ndivyo nilivyofanya.

Kile kidogo kilitoka salama, na doa jeusi shavuni pale moshi ulipolala. Udongo ukishapita takriban nyuzi 600 za joto haurudi tena kuwa tope hata ukiuloweka mwaka. Nilikitumbukiza kwenye karai la maji nyumbani nikakaa kukitazama. Hakikubadilika.

Kama huna njia ya kufika penye moto, usiache kuanza. Sanamu mbichi iliyokauka vizuri, ikiwekwa mbali na maji na watoto, hukaa miaka. Na ile usiyoridhika nayo unairudisha ndooni, udongo haukupotea.

Tangu Januari ninafanya kichwa cha tatu, cha mzee mvuvi wa Dunga ambaye hunyolewa kwangu kila baada ya Jumamosi mbili. Nilimwomba ruhusa, akakubali kwa sharti kwamba asikalishwe bure: ninyoe huku nikitazama. Kwa hiyo nampitishia mashine nikikariri kwa vidole, na jioni narudi barazani kuyaweka kwenye udongo kabla hayajanitoka. Tumevuka msimu wa mvua hivyo, na mvua ilinisaidia, maana kazi ilikauka polepole sana.

Jumamosi iliyopita nilimwita nyumbani akione kabla sijakata utosi. Alikizunguka mara mbili, mikono nyuma. Akaweka kiganja kwenye kisogo cha udongo, kisha kwenye kisogo chake.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "sikio la kushoto liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akanishika kidole akakipeleka kwenye sikio lake mwenyewe, pale ndoana ilipolichana ujanani, pengo ninalolizunguka kwa wembe kila mara ninapomnyoa. Nilikuwa nimelijaza kwa heshima.

"Jaduong', mzee wangu, nilidhani hutalitaka."

"Liweke."

Nikachukua kitambaa kibichi nikalizungushia lile sikio lilainike. Mzee akavuta kigoda, akakaa akinipa ubavu wa kushoto.