Malcolm Arnold, Mtunzi Aliyetoka Kiti cha Nyuma

Mwaka 1921 Jeshi la Wokovu, kanisa lenye bendi za matarumbeta, lilianza kazi yake nchini Kenya, na ndiyo sababu watoto wengi wa Vihiga, nikiwemo mimi, tulikua tukiamshwa na matarumbeta kila Jumapili. Mwaka huohuo, tarehe 21 Oktoba, Malcolm Arnold alizaliwa mjini Northampton, Uingereza, katika familia ya watengenezaji wa viatu. Nimepiga koneti, ala inayofanana na tarumbeta ndogo, tangu darasa la sita, na sijapata mtunzi wa okestra ninayemwona kuwa mwenzetu kama yeye.

Alikuwa na umri wa miaka 12 alipomsikia Louis Armstrong, akaitamani tarumbeta. Jijini London alisomea ala hiyo kwa Ernest Hall na utunzi kwa Gordon Jacob, na mwaka 1941 akajiunga na London Philharmonic Orchestra, ambako baadaye aliongoza safu ya tarumbeta. Wakati wa vita, ndugu yake aliyekuwa rubani aliuawa; mwaka 1944 Arnold akajitolea kwenda jeshini, lakini alipowekwa katika bendi ya jeshi badala ya kupelekwa vitani alijipiga risasi mguuni ili aachiliwe. Naliandika jambo hili kwa huzuni, kwa kuwa maradhi ya akili na ulevi vilimtesa maishani.

Mwaka 1948 aliacha okestra ili atunge. Wengi wanamjua kwa muziki wa filamu ya The Bridge on the River Kwai, uliompatia Oscar mwaka 1958, ingawa aliandika pia simfoni tisa, yaani tungo ndefu za okestra, na mwaka 1993 akapewa cheo cha Sir. Alifariki mwaka 2006.

Kwangu mimi, siri ya kazi zake imo katika miaka ile aliyokaa nyuma ya wapiga fidla. Mpiga tarumbeta wa okestra hukaa akihesabu vipimo vya kimya, yaani vipande vya muziki ambavyo yeye hapigi, pengine mia nzima, huku akisikia kila ala inavyoingia na kutoka, kisha hutakiwa atoe sauti ya juu, safi, bila kupasha midomo moto. Mwalimu wetu wa bendi alikuwa akituonya kwamba midomo ni nyama, haina vali ya kubadilisha; mtunzi asiyejua hilo humchosha mpigaji kabla ya ukurasa wa pili.

Arnold alilijua. Mwaka 1963 aliandika utungo mfupi wenye sehemu tatu kwa ajili ya bendi ya vijana wa Uskoti, na tangu Januari bendi yetu imekuwa ikiufanyia mazoezi kila Jumamosi. Sehemu ya katikati huenda polepole, na wimbo hupokezanwa, hivyo hakuna anayebebeshwa mzigo peke yake. Tunapofika sehemu ya mwisho, yenye mbio na shangwe, hata binti wa miaka 13 katika bendi yetu anayepiga koneti ya tatu huwa bado ana pumzi.