Nyonga yangu ya kushoto, jamani

Wanaokimbia mtanielewa, unaamka asubuhi unashusha mguu kitandani, ukikanyaga tu pembeni ya nyonga panachoma kama msumari. Yangu ilianza Januari najiandaa na Kili Marathon ya Moshi, ile ya km 21, na ule mlima wa kwenda Mweka hauna utani. Nilikuwa nakimbia km 15 kwa wiki nikarukia 35, ujinga wangu mwenyewe, tena mchana kutwa nimekaa ofisini, jioni nimekaa tena kwenye foleni ya Mwenge.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kila mtu ni daktari. Nyoosha kaka, nyoosha. Basi nalala chali navuta goti la kushoto mpaka bega la kulia, nasikia raha dakika kumi halafu usiku ubavu ule haulaliki. Nikachukua mpira wa tenisi nikaubana ukutani na nyonga, pale pale kwenye mfupa, najichua mpaka machozi. Wiki tatu hivyo!

Nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo na misuli. Hakunigusa hata, akasema simama mguu mmoja mbele ya kioo. Wa kulia, fresh. Wa kushoto, kiuno kikashuka upande wa pili kama daladala lililopakia vibaya. Kumbe msuli wa pembeni ya kalio ndo unashikilia kiuno kila unapokanyaga, na ukikimbia kila ukitua uko mguu mmoja. Wangu haukuwa umekaza, ulikuwa dhaifu, nikiuvuta vile nazidi kuisaga kano yake kwenye mfupa.

Nikaambiwa nipunguze km, nisiache kabisa. Kukunja nne marufuku (hii ndo ilinishinda zaidi), kulala na mto katikati ya magoti. Halafu nalalia ubavu usiouma nainua mguu unaouma taratibu, mara 12, nashusha taratibu vilevile, raundi tatu, kisigino kikienda mbele umeshaiba zoezi. Na ufukwe wa Coco, nilipokuwa nakimbilia, nikahama kwa muda, mchanga wa pale umeinama, mguu mmoja uko chini muda wote.

Ilichukua kama miezi miwili na nusu, Moshi nilienda kushangilia tu. Mama alinitumia mafuta ya mkarafuu, napaka, yanapasha moto vizuri, simwambii kwamba sio yaliyoniponya.

Ila kama yako inauma ndani kwenye kinena, na kila hatua inazidi, hata umelala inauma, usijaribu haya ya kwangu. Acha kukimbia uende hospitali wakupige picha, inaweza kuwa mfupa umeanza ufa.