Vumbi la Goma, ndimu, na foronya ya mama Furaha

Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo msinitegemee niongee kama binti wa duka la vipodozi. Kioo changu cha kujitazamia ni kile cha pikipiki, cha kushoto, maana cha kulia kilibaki Majengo siku nilipobanana na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Na ni ndani ya kioo hicho, nikingoja mteja, nilipoona kwamba paji langu la uso limekuwa kama barabara ya Ndosho: matuta ya chunusi, mashimo, na vumbi juu yake.

Anayeijua Goma hahitaji kuelezwa. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikarudi Mei 2021 na kuzika nyumba za upande wa Buhene. Mawe yake tumeyajengea, tumeyakanyaga, na kila tairi linayasaga yawe unga mweusi. Kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, unga huo unachanganyika na jasho ndani ya kaske, kofia ngumu ya pikipiki, na kukaa usoni kutwa nzima. Ukijifuta na kitambaa cheupe, kinatoka kama umepangusa tako la sufuria.

Sasa, parkingini kwetu kila mtu ni daktari wa ngozi. Wa kwanza aliniambia ninawe na sabuni ya kufulia, mara nne kwa siku, nisugue mpaka uso ulie. Uso ulilia kweli. Ulikaza kama ngozi ya ngoma, halafu kufika saa sita unang'aa mafuta kuliko mwanzo. Mwingine alileta dawa ya meno. Wa tatu, na huyu ana watoto watano wanaomtegemea kwa akili, alinionyesha jiwe la kusugulia kisigino.

Aliyenishauri ndimu bado ni rafiki yangu, lakini kwa shida. "Masta, kamua ndimu, paka yote, usinawe. Ile kuwasha ndiyo dawa." Jumamosi asubuhi nikakamua ndimu mbili kwenye kikombe cha chai, nikajipaka toka kwenye nywele hadi kidevuni. Chunusi zilizokuwa wazi ziliwaka moto, machozi yakanitoka, nami nikajisifu kwamba kazi imeanza. Kabla haijakauka, simu ikalia: mteja anataka kwenda Sake, nje ya mji. Safari ya Sake ni pesa nzuri, nani atakumbuka kunawa? Nikavaa kaske, na kwa sababu uso uliwasha nikaacha kioo chake juu ili nipate upepo. Jua la saa tano, kwenye mji ulio mita 1,500 juu na karibu kabisa na ikweta, likanipokea Mugunga na kunisindikiza kwenda na kurudi.

Usiku ule nililala chali kama maiti. Kesho yake mashavu yamevimba. Baadaye yakatoka malengelenge, na yalipokauka yakaacha michirizi miwili myeusi kutoka chini ya macho hadi kwenye taya, pale pale juisi ilipotiririka. Nilifanana na mtu aliyelia wino. Mama mmoja muuza samaki wa Kituku, kabla hajapanda, alinitazama kwa huruma: "Mutoto wangu, nani alikufa?" Michirizi ile nilikaa nayo miezi minne. Nilikuja kuambiwa kwamba maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huiunguza, si usoni tu. Hata wanaokamua ndimu nyingi juani huungua mikono hivyo hivyo.

Ili kuifuta nikaongeza kosa juu ya kosa. Birere nilinunua tyubu ndogo, dola mbili hivi, muuzaji akaniapia kwamba "inasafisha". Na ilisafisha! Wiki ya kwanza uso laini, wiki ya tatu ningeweza kuoa tena. Nilipoacha, chunusi zilirudi na ndugu zao, ngozi ikawa nyekundu na kuchoma hata kwa maji matupu. Ndani ya tyubu kulikuwa na klobetasoli, dawa kali ya wagonjwa wa ngozi wanaosimamiwa na daktari. Ng'ambo hapo Rwanda, polisi walianza kuzisaka krimu za kujichubua madukani mwishoni mwa 2018. Kwetu niliikuta imepangwa kando ya sabuni ya watoto.

Aliyeniokoa ni mteja. Nesi, nilimtoa Himbi kumpeleka Katindo. Wakati natafuta chenji aliniangalia usoni, wala hakuomba ruhusa, akanigeuza kidevu upande wa mwanga. "Sura si sufuria, baba. Unasugua nini?" Nikamhesabia: sabuni, ndimu, tyubu. Akacheka mpaka akakaa tena kwenye pikipiki. Kisha akaniandikia vitu vitatu na dawa moja nyuma ya karatasi ya franka mia tano, akanipa hiyo karatasi kama nauli. Sijaitumia mpaka leo.

Kitu cha kwanza: sabuni ya maji ya uso, isiyo na harufu, jioni tu. Alinieleza kwamba ngozi ya uso inapenda uchachu kidogo, kama 5 kwenye kipimo cha pH, na sabuni ya kufulia iko huko kwenye 10, mbali na uchachu, ndiyo maana ilikuwa inanikaza. Vidole, si taulo. Maji ya uvuguvugu, bakuli moja linatosha, kwa hiyo bidoni la lita ishirini halilii. Asubuhi namwagia maji matupu tu.

Cha pili: mafuta mepesi ya maji maji, mara mbili kwa siku, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapa nilibishana naye sana, nani anaongeza mafuta kwenye uso wa mafuta? Lakini ngozi iliyokaushwa ndiyo inayowaka kwa dawa.

Dawa yenyewe ilikuja baada ya wiki mbili, uso ulipotulia: peroksidi ya benzoili, dawa ya kupaka ya chunusi, asilimia 2.5. Farmasi walitaka kunipa ya 10, nikakataa, nilishakuwa mjuzi. Kiasi cha punje ya harage uso mzima, usiku mmoja naweka, usiku mmoja naacha. Kile ambacho nesi hakuniambia, au aliniambia nikiwa nahesabu chenji, ni kwamba dawa hii inachubua vitambaa.

Mke wangu, mama Furaha, ana foronya za kitenge cha bluu, za harusi. Asubuhi moja akaamka, akatazama foronya yangu: mabaka meupe, umbo la shavu langu kabisa. Hakupiga kelele. Aliinua foronya dirishani, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Baba Furaha, uko unajichubua?" Niliapa. Akanusa tyubu. Akampigia dada yake. Kwa siku mbili ukoo mzima upande wa Bukavu ulijua kwamba shemeji yao anataka kuwa mweupe. Nililazimika kupaka dawa ile kwenye kona ya soksi nyeusi mbele yake, tungoje asubuhi pamoja, ndipo nikasamehewa. Sasa nalalia foronya nyeupe, nimenunuliwa peke yangu.

Cha tatu, krimu ya jua, ilinipa kazi kuliko yote. SPF 50, yaani kinga kubwa ya jua, kama dola kumi, inauma. Nesi alisema ujazo wa vidole viwili, msitari mzima kila kidole. Nikapaka vyote kwa mara moja, nikaenda parkingini. "Motari, ulianguka mu unga wa fufu?" Siku nzima. Dawa niligundua mwenyewe: kidole kimoja kwanza, nagonga-gonga bila kusugua, nawasha pikipiki ipate moto, napima tairi, ndipo kidole cha pili. Ikishashika ngozi, weupe unapungua. Saa sita narudia, nikishajifuta jasho. Na michirizi ya ndimu ilianza kufifia hapo tu, kabla ya hapo jua lilikuwa linaichora upya kila siku.

Nisisahau kaske. Nilikuwa natunza uso jioni na kuurudisha asubuhi ndani ya sponji iliyonyonya jasho la miaka miwili. Ile sponji inatoka, wengi hawajui. Naifua kila Jumapili. Maji ya kwanza yalikuwa kama kahawa. Ndevu pia niliacha wembe, kinyozi ananipitishia mashine na kuacha kidogo, vile vipele vya shingoni vikaisha.

Ilichukua kama miezi miwili kabla kioo cha kushoto hakijanipa habari njema. Rafiki wa ndimu sasa anaomba "hiyo krimu yako, kidogo tu". Namkatalia kwa furaha kubwa. Ila nyumbani siwezi kukataa: tyubu iliyokuwa inanifikisha wiki tatu sasa haimalizi siku kumi, na kila nikiuliza, mama Furaha anasema labda ni joto ndilo linaikausha.